Pembetatu ya Dhahabu

Fundi Mhina wa Barabara ya Kumi na Mbili
aliitazama mashine yangu kama daktari anayetaka kwenda kula.
"Hii nunua nyingine, imeshazeeka."
Nikamuuliza, na mimi je?
Akacheka. Nikalipa elfu tano ya kuangaliwa,
nikapanda bajaji mpaka Makorora, chuma mapajani,
nimekikumbatia kama mgonjwa aliyerudishwa nyumbani.

Mashine ya mnada wa kiwandani,
ubavuni bado ina namba ya rangi nyeupe.
Kazi yangu ni ramani za nyumba.
Nachora, halafu naiambia: washa jua.
Hapo ndipo inapohema.
Bi Somoe wa Pongwe anataka kuona
asubuhi itakavyoingia jikoni mwake
kabla hajanunua tofali hata moja.
Masiku matatu ikahema; usiku wa tatu umeme ukakatika,
asubuhi ikaishia kizingitini.

Prosesa ilikuja na basi kutoka Dar,
ndani ya boksi la majani ya chai, imevikwa soksi.
Kubwa kama biskuti. Laki na thelathini.
Kwanza nikausasisha ubao mama kwa flashi,
maana ubao usiomjua mgeni haumfungulii mlango.

Jumapili. Watoto wako kwa bibi yao Chumbageni.
Nimevua bangili, nimevua pete.
Nimegusa kasha, umeme wa mwilini uende zake,
ingawa kwa unyevu huu wa Tanga
chumvi inalia machozi kwenye kopo,
seuze cheche.

Skrubu nne, kwa mshazari, kidogo hapa, kidogo kule.
Feni ikagoma.
Dawa ya joto ya miaka tisa imekuwa ukoko.
Mama alijua ukoko: hauvutwi, hulainishwa.
Nikazirudisha skrubu, nikawasha ipate joto, nikazima, nikachomoa waya,
nikaizungusha kushoto, kulia,
kama mtu anayemvua kofia aliyelala.
Ikaachia.

Pamba na spiriti. Jina la ile ya zamani likajitokeza
kama jina kwenye kaburi lililopaliliwa.
Nikainua kiwiko, nikaitoa,
na hapo nikaviona: vipini elfu mbili na ushei,
vyembamba kuliko kope za kichanga,
vyote vimeinama upande mmoja
kama msikiti mzima umerukuu.
Ukipinda kimoja, umekwisha.
Jirani akagonga, anaomba kiberiti.
Sikujibu. Ningejibu kwa pumzi ipi?

Pembetatu ya dhahabu kwenye kona ya prosesa,
alama ndogo kwenye kona ya kiti.
Ziangaliane, basi. Hakuna kusukuma.
Unaiachia, inakaa yenyewe.
Miaka kumi na mitano ya ndoa
na hakuna aliyewahi kuniambia hivyo.
Kiwiko tu ndicho kigumu: kikifungwa kinalia kreee,
na tumbo langu likalia nacho.

Dawa mpya, punje ya dengu, katikati.

Nikawasha. Feni zikazunguka. Kioo cheusi.
Nikazima, nikawasha. Cheusi.
Nikamwona Mhina, kashiba, anachokonoa meno.
Nikakaa sakafuni nikihesabu:
laki na thelathini, ada ya Zubeda, luku.
Kisha nikauona, juu kushoto,
waya wa nyuzi nane sijauchomeka,
umenyooka peke yake kama kidole cha mtoto
anayejua jibu na mwalimu hamwoni.

Saa nne usiku nikaiambia: washa jua.
Nikaenda kukoroga uji.
Uji haujatokota, jua limeshapita kizingiti,
limepanda kabati, limefika kwenye karo,
kule Pongwe ambako bado kuna mihogo
na mawe manne ya mpaka.

Ile ya zamani nimeivika soksi.

Nikasogea karibu na kioo, bakuli mkononi.
Dirisha nimelichora dogo.
Nikalifuta.